Jilala Chuma Ameshafika

Alhamisi asubuhi, mashine ya fotokopi ikiwa bado haijapata moto, Jilala Chuma alikuwa amesimama mlangoni pa duka la Mustapha, jirani na stendi ya Bariadi, ameshikilia juu lile bati la kufungia ambalo bawaba zake zilikatika tangu masika. Alilishika kwa kidole kimoja ili wateja wapite. Mama mmoja aliyekuja kutoa nakala ya cheti cha ubatizo alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Maneno MWANGALUKA, MAYU yakatokea juu ya kichwa cha Jilala ndani ya kiduara cheupe, kwa herufi kubwa, kama ilivyo kawaida yake. Mama hakujua kusoma. Akamwomba mtu amsomee, akashukuru, akaingia ndani.

Ndani, Martha Luhende alikuwa anakunywa chai. Ndiye aliyekuwa anamchora Jilala tangu yeye mwenyewe akiwa binti, na sasa alikuwa amekaribia miaka hamsini, hana mume wala mtoto, ana chumba cha kupanga na vidole visivyotoka wino hata avisugue kwa jivu. Toleo la kwanza la jarida lake la katuni lilipouzwa, Jilala alishuka kwenye karatasi, akajinyoosha, akaenda kuinua lori la pamba lililokuwa limezama matopeni barabara ya Lamadi. Mtendaji wa mtaa alikuja kuuliza ahesabiwe kaya gani, akazungushwa maneno, akakata tamaa. Basi Jilala akawa mtu wa mjini kama wengine. Ukimtazama kwa mbele alikuwa mpana kama kabati. Akigeuka ubavu alikuwa mwembamba kama karatasi, kwa hiyo kwenye foleni hakuna aliyemlalamikia.

Utaratibu wake ulijulikana. Kilichochorwa kikauzwa, Jilala alikitenda siku hiyohiyo. Kilichododa dukani hakikutendeka. Maadui zake nao Martha aliwachora, fisi wenye vichwa vya watu na wezi wa ng'ombe wasiojulikana kwao ni wapi, nao walishuka pamoja naye, wakapigwa mnadani mbele ya umati, wakatoka damu nyeusi ya wino, na mvua ya kwanza ikawafuta. Akina mama walilalamikia khanga zao tu, kwa sababu wino ule hautoki kwa sabuni yoyote.

Faida yake kubwa ilikuwa kwenye mwano. Huku, ukipigwa ule ukelele wa hatari, kila mwenye miguu anakimbilia unakotoka, na asiyekimbia anatozwa ng'ombe. Lakini tangu Jilala aje, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, kokote mkoani. Watu walikimbia mpaka pale wanapoweza kukiona kichwa chake juu ya mihogo, wakaambiana, "Jilala ameshafika," wakarudi kwenye ugali wao ungali na moto. Wanaume wengi waliota vitambi miaka hiyo.

Sasa jarida lilikuwa halinunuliwi.

"Dada Martha, watu wamemzoea," alisema Mustapha akifungua rimu ya karatasi. "Kila wiki anaokoa. Mgeuze."

"Nimgeuze vipi?"

"Awe muovu. Mtu mwema miaka yote hiyo akigeuka, nani hatanunua?"

Martha alifikiri kidogo, akaona si wazo baya. Alitaka pia kuona wasomaji wakimchukia mtu waliyempenda, maana huo nao ni ufundi wa mchoraji. Aliandika juu ya jalada, kwa herufi nene ambazo hata kipofu angezipapasa: JILALA CHUMA AMEGEUKA MUOVU.

Katika toleo hilo Jilala alimkamata kijana stendi akisema ni mwizi wa simu. Kijana wa kuchorwa alishuka akiwa na kandambili moja. Jilala akamvunja mkono wa kulia, na neno KACHA likaning'inia kwenye nyaya za umeme, akamvunja wa kushoto, KACHA la pili likakaa pembeni ya la kwanza. Juu ya kichwa cha kijana palisomeka SIMU NI YANGU, NA RISITI NINAYO. Waendesha bodaboda waliyasoma maneno hayo kwa sauti, wakiwasomea wale walioshindwa kuona, huku wakiendelea kumpiga mateke. Mmoja alileta tairi. Kabla ya saa sita jarida lilikuwa limekwisha lote.

Martha alisubiri simu za lawama. Aliyepiga ni Januarius, katekista, mtu mpole asiyeweza hata kuchinja kuku, akisema kwamba Jilala sasa ndiyo amekuwa mwanaume kamili.

"Lakini si umeona jalada? Amekuwa muovu."

"Nimeliona. Herufi zimekaa vizuri."

Wiki iliyofuata Martha alimchora akichoma nyumba yenye watu ndani, kwa kosa la mwenye nyumba kutomsalimia. Watu wa kuchorwa walitoka wakiwaka, wakakimbia kuzunguka uwanja wa mnada mpaka wakabaki mistari tu. Toleo lilirudiwa mara mbili. Watu walimwambia Martha kwamba yule mwenye nyumba lazima alikuwa na lake jambo, mtu hachomewi hivihivi. Akaongeza ukatili, wakaongeza kununua. Mustapha akanunua mashine ya pili. Hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba shujaa amegeuka, na jambo hilo lilimkera Martha kuliko njaa.

"Nitawachorea kitu ambacho shetani mwenyewe hatakipigia makofi," alimwambia Rahma, mke wa Mustapha.

Akachora bibi kizee. Bibi wa peke yake, mjane, uani kwake, anapepeta mpunga, na Jilala anaingia. Alipofika kwenye uso hakutafuta mfano mahali. Mkono ulijiendea, kama mtu anayerudi nyumbani akiwa na mawazo yake. Juu ya kichwa cha Jilala akaandika maneno mabaya kuliko yote aliyoyajua: MCHAWI HANA NAFASI KIJIJINI KWANGU. Hapo, alijisemea, hapo watazomea.

Alhamisi hiyo watu walipanga foleni tangu alfajiri. Martha aliinua nakala moja ikiwa bado ina joto la mashine, akautazama uso wa bibi. Pengo la meno ya juu. Kovu la mchi kwenye nyusi. Macho yaliyoiva. Alikuwa amemchora Eufrasia, sengi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki na kumsomesha kwa mpunga wa majaruba yake kule upande wa Sola. Macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu kwa sengi hakuna kuni. Anapikia vishina vya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake umemwingia machoni maisha yake yote. Tangu mumewe azikwe, shemeji yake Machibya alikuwa anayataka yale majaruba, na tangu ayatake, alikuwa anayazungumzia yale macho, kwamba macho mekundu ni ya mchawi.

Martha alitazama sakafuni kumtafuta bibi wa kuchorwa ashuke. Hakushuka. Jilala alishuka peke yake, akainama mlangoni, akashika njia ya Maswa. Bibi hakuhitaji kushuka, kwa kuwa mwenye uso ule alikuwepo tayari, hai, anapepeta mpunga.

Alipiga simu ya sengi, haipatikani, maana hupelekwa kuchajiwa siku ya gulio. Alimwambia Mustapha asimamishe kuuza. Mustapha alisema ameshauza zote, hata ile aliyoishika yeye ina mwenyewe. Martha akapanda bodaboda. Wakapita Nyalikungu bila kusimama, dereva akimlalamikia kwamba anamfinya mbavu.

Alishuka penye njia ya ng'ombe, na ndipo alipousikia mwano. Sauti aliijua. Ilikuwa ile iliyokuwa ikimwita utotoni aache kuchezea udongo aje kula. Akavua viatu, akakimbia katikati ya pamba, na alipokuwa anakimbia kwenda, watu walikuwa wanarudi. Wanaume wenye fimbo, wanawake wenye majembe begani, wote kwa mwendo wa kawaida, wakipiga soga.

"Dada Martha, rudi," alisema Nancy, jirani wa sengi, akiwa na mtoto mgongoni. "Jilala ameshafika."

"Nani anapiga mwano?"

"Mayu Eufrasia."

"Nani anampiga?"

Nancy alifikiri. Lilikuwa swali ambalo hajawahi kuulizwa. "Jilala yuko naye," alisema, akamweka mtoto vizuri, akaendelea na safari yake.

Uani mpunga ulikuwa umemwagika na ungo umepasuka. Jilala alikuwa amemshika sengi kwa nywele na mkono wa pili una mchi. Alimpiga begani, bega likatoka mahali pake, neno PAA likajibandika ukutani. Sengi aliacha kupiga mwano, akamtazama Martha, akasema kwa sauti ndogo, "Umefika, mwanangu. Waite watu." Martha akaita. Alipiga mwano mpaka koo likatoa ladha ya chuma, na mbali kule njiani waliorudi walisimama, wakageuka, wakakiona kichwa cha Jilala juu ya paa la nyasi, wakaendelea na safari.

Akauvamia mkono wenye mchi. Ukingo wa Jilala ni ukingo wa karatasi, ukamchana viganja vyote viwili, akang'ang'ania hivyohivyo. Jilala alimkung'uta kama mtu anayekung'uta mkeka. Akampiga sengi kichwani. Damu ikaruka, ikamwangukia kifuani, nayo ilikuwa nyekundu. Jarida lilikuwa la rangi nyeusi na nyeupe tangu lianze, kwa hiyo Jilala alikuwa hajawahi kuiona rangi hiyo mwilini mwake. Alisimama akaigusa kwa kidole. Akaitazama, akamtazama Martha, kama mwenye kuuliza imeandikwa wapi. Lakini ukurasa ulikuwa na picha sita naye alikuwa amefikia ya nne tu, akainua tena mchi. Juu ya kichwa chake yalisomeka maneno ya Martha, kwa mwandiko wa Martha, na herufi M iliyopinda kidogo kama anavyoipinda siku zote. Picha ya tano ilikuwa ya meno. Ya sita Martha alikuwa amemchora Jilala anaondoka tu, na Jilala akaondoka.

Machibya alikuwa amesimama ng'ambo ya majaruba ameegemea jembe. Alisubiri vumbi litulie, akavua kofia.

"Pole, binti," alisema. "Mungu ana njia zake."

Martha alikaa chini mpungani, akakipakata kile kichwa, akalia kwa sauti mpaka kunguru wakahama mti.

Polisi walikuja na walifanya kazi yao. Walimkamata Jilala bila taabu, wakamfungia mahabusu, akageuka ubavu, akapita katikati ya nondo, akaenda kukaa kwenye benchi la wageni. Wakamfungia tena, akapita tena. Afisa aliyeandika maelezo alimuuliza kabila na umri, kiduara kikajaa mpaka kikagusa dari, lakini hakikuwa na neno hata moja ndani yake.

"Aliyemtuma ni mimi," Martha alisema, viganja vimefungwa bandeji.

"Mama, wewe umechora tu."

"Nilichora uso wake. Niliandika mpaka maneno."

"Katuni haiendi mahakamani," afisa alisema kwa upole. Alikuwa na nakala yake chini ya kitabu cha taarifa. "Nenda kapumzike. Na hivi, lile la kijana wa simu, lina mwendelezo?"

Mazishini watu walikula vizuri. Jilala alibeba jeneza peke yake, kwenye bega moja, na wazee wakasema huo ndio uungwana. Mpunga wa mwaka huo aliuvuna Machibya.

Martha alichora toleo jipya. Jilala anakuja mbele za watu, anapiga magoti, anasema MIMI NI MUUAJI, anaivunja mikono yake mwenyewe. Alilichora kwa viganja vyenye nyuzi, damu ikilowanisha kona za karatasi, na lilikuwa toleo zuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Lilikaa dukani limepangwa. Watu walikuja, wakalifunua, wakalirudisha.

"Lile la mchawi lipo?" waliuliza.

Mustapha alikuwa ameshalipiga chapa tena bila kusubiri kuambiwa. Liliuzwa Bariadi, likauzwa Maswa, likaenda mpaka Mwanhuzi kwa basi. Kila lilipouzwa, Jilala alikwenda. Zile nyuso hakuwa tena na haja ya kuchorewa, kwa kuwa wanunuzi wenyewe walimtajia, huyu wa karibu na kisima, yule asiyekuwa na watoto, na yeye aliinama kusikiliza. Mwano ulipigwa mchana, watu wakakimbia nusu ya njia.

Mabibi wa mkoa mzima wakaanza kuvaa miwani ya jua. Mustapha aliileta kwa maboksi kutoka Mwanza, akaipanga pale palipokuwa na kalamu. Jumapili kanisani mabenchi ya mbele yalikuwa meusi tupu, na padri aliendesha misa kama kawaida, akitaja majina ya marehemu wa wiki.

Siku moja Martha alikuja dukani kuulizia kama toleo la toba limepata mnunuzi. Halikupata. Alikuwa amelia tangu mazishi, akiamka analia, akipika analia. Mustapha alikuwa msikitini. Rahma alimtazama usoni muda mrefu, kisha akaenda akachungulia nje, akarudi.

"Macho yako, Martha."

"Nimelia tu."

"Mimi najua umelia." Rahma alifungua boksi, akachagua miwani, akaifuta vioo kwa ncha ya mtandio wake, akamvisha mwenyewe, akiirekebisha masikioni kama anayemvisha mtoto siku ya kwanza ya shule. "Na una mvi, na unaishi peke yako."

Duka likawa giza. Martha alipapasa meza mpaka akaupata ukingo wake.

"Nivae mpaka lini?"

Rahma alikuwa anafunga boksi. Yeye si mwenyeji wa Bariadi, aliletwa na ndoa, na habari za kwao hakuwa na mazoea ya kuzitaja.

"Bibi yangu kule Nzega alizikwa na ya kwake," alisema. "Na huko hatukuwa na Jilala."