Mzizi wa Chupani

Kitendawili! Sema "tega," usininyamazie. Mwanangu hana shina, hana jani, hajagusa udongo, na bado ananenepa. Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, nimekwenda na nimerudi: ni mzizi wa chupani.

Chupa zenyewe zilikuwa mbili, Bilele, mjini Bukoba, katika chumba cha Alistidia aliyesomea mimea. Mama yake, Getruda wa Kimwani, ndiye aliyempelekea ncha ya mzizi kutoka kwenye mti wa dawa wa ukoo. Alistidia akaiosha, akaipaka kidudu kisichoonekana kwa macho, ikaota vinyweleo vya mizizi kama ndevu za beberu. Akaitia kwenye maji ya sukari, ikawa inazaana humo humo.

"Chupa zikiwa nyingi, Mama, tutakamua dawa bila kuua mti."

Getruda alifurahi mpaka akakosea. Kwao, huchukui mzizi bila kuuachia mti kahawa ya kutafuna. Binti alipogeuka, mama akafungua chupa moja, akatumbukiza punje, akashukuru. Siku hazikupita nyingi, chupa ikajaa ukungu.

"Maawe! Umeuua kwa adabu!" Alistidia alicheka huku machozi yakimtoka.

Ikabaki moja. Na kule Kimwani mti haukuwepo tena. Rugaibula, shemeji yake Getruda, mdogo wa mumewe, alikuwa ameung'oa wote, akawauzia vipande wagonjwa wa Juliana, maana ndivyo ukimwi ulivyoitwa huko miaka ile. Aliwaapia kwamba unaponya. Vipande vilipomwishia, akaja Bilele na mteja mwingine, Magesa, mvuvi wa kisiwa cha Goziba, shati linamning'inia kama limetundikwa msumarini.

"Shemeji, lete mzizi wa kaka yangu."

"Kaka yako alinifundisha mimi kuuchimba. Wewe alikufundisha kunywa rubisi."

Rugaibula akanyoosha mkono. Getruda akaikumbatia chupa kifuani.

"Mabomu ya Amini yalinikuta kwenye migomba yangu na sikukimbia. Nije nikukimbie wewe? Thubutu!"

Magesa alikuwa ameegemea mlango. Midomo yake ilikuwa imechubuka, hata kusema kulimuuma.

"Mama," akauliza, "inaponya?"

Rugaibula akainama, akanong'ona kwa Kihaya, "Mwambie ndiyo, waitu. Atakufa tu. Mwache afe na tumaini."

Hapo Getruda akamkumbuka Josia, kifungua mimba wake, aliyekata roho na kipande cha mzizi huo mdomoni. Kipande alipewa na huyu huyu baba yake mdogo. Josia hakutaka hata daktari aitwe; alikuwa anasubiri kupona.

"Toka," akasema kwa Kiswahili, Magesa asikie. "Ukiuza tena hata jani, nitasimama sokoni Muleba nikutaje, wewe na marehemu wako wote."

"Utautia ukoo aibu!"

"Nautia dawa. Toka!"

Rugaibula akatoka akitukana, akadhani Magesa yuko nyuma yake. Magesa hakusogea. Alikuwa bado anamtazama Getruda usoni, kama mtu aliyeuliza njia na hajajibiwa.

Getruda akamkabidhi binti yake chupa, akamshika mvuvi mkono, akamkalisha.

"Dawa hii haiponyi Juliana, mwanangu, na atakayekuambia inaponya ni mwongo, hata akiwa wa kwangu. Inatuliza vidonda vya mdomoni tu, upate kumeza uji."