Picha Nzima Huchelewa

Jumatatu saa nne asubuhi Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya meza namba tatu, akikaza waya wa skrini. Kwenye kiti cha meza hiyo, muuguzi aliyetoka zamu alikuwa akiendesha gari la mashindano kwenye kompyuta, sare yake ya kazi bado mwilini. Alipokata kona ya kushoto, nusu ya juu ya picha ilikata kwanza. Nusu ya chini ilifuata baadaye kidogo, na katikati pakabaki mstari, kama shati lililofungwa vifungo kombo.

"Fundi, imepasuka tena," muuguzi alisema.

"Naona."

Sababu aliijua. Wiki iliyotangulia kaka yake, mwenye ukumbi huo wa gemu, alileta kadi mpya za picha zenye nguvu ya kuchora picha mia na arobaini kwa sekunde moja, akaagiza zifungwe kwenye kompyuta zenye skrini zilezile za zamani, ambazo uwezo wake ni picha sitini. Skrini ikiwa haijamaliza kuonyesha picha moja, kadi inaisukumia nyingine. Juu inakuwa mpya, chini ya zamani. Fundi alikuwa amemweleza haya yote kabla ya kadi kununuliwa, lakini kumweleza kaka huyu jambo ambalo amekwisha kuliamua ni kumpigia mbuzi gitaa.

Saa sita mchana mstari ulitoka kwenye skrini. Ulipita kifuani mwa muuguzi, ukaufuata ukuta hadi kwenye friji ya soda, ukazunguka, ukatulia ukumbi mzima kwa kimo cha meza. Juu ya mstari ilikuwa sasa. Chini ya mstari ilikuwa muda mfupi uliopita. Watu waliendelea kucheza. Aliyeinuka kwenda nyumbani alitangulia mlangoni kichwa na mabega, akaaga, kisha miguu yake ikainuka kitini ikamfuata. Mwalimu wa hesabu, mteja wa meza namba sita, alilalamika kwamba kiatu chake cha kushoto kinachelewa kuliko cha kulia. Aliambiwa avumilie, maana feni nayo ilikuwa mbovu tangu mwaka jana na watu walikuwa wanaishi nayo.

Dawa ilikuwepo. Kwenye mipangilio ya mashine iliandikwa V-Sync, na ukumbini kila mtu aliiita Subira. Ukiiwasha, kadi haisukumi picha mpaka skrini iwe tayari kuipokea yote. Mpasuko unakwisha. Lakini Subira ina gharama yake: mkono wako ukibonyeza sasa, gari linasikia baadaye. Fundi alikuwa ameandika karatasi kwa kalamu nyekundu na kuibandika karibu na swichi ya taa: Unacheza gemu la kutembea na kutazama mandhari, washa. Unashindana, zima. Mashine yako ni dhaifu, zima kabisa, maana ikikosa zamu moja ya skrini itasubiri zamu nyingine nzima, na picha nzito yenye moshi na watu wengi itakosa zamu nyingi. Karatasi ilidumu siku mbili. Kaka aliibandua akaitumia kufungia karanga.

Jambo hili lisingemuuma sana kama si barua iliyokuwa imefika ukumbini. Timu ya mbio za magari ya kompyuta, ya mji mwingine, ilikuwa inatafuta dereva mmoja katika kila ukumbi. Kila ukumbi ulitakiwa kupeleka jina moja kwenye fomu, na mwenye jina hilo angepewa chumba, mashine yake mwenyewe na mkataba wa mwaka mzima. Fundi alikuwa amefanya kazi kwa kaka yake miaka sita. Alilala chumba cha nyuma pamoja na maboksi ya kibodi zilizokufa, na ukumbini hapakuwa na mtu aliyewahi kumshinda katika miaka miwili ya mwisho. Siri yake ilikuwa breki. Wenzake walikanyaga wakiiona kona. Yeye alikanyaga akiwa ameshaingia. Dereva wa namna hiyo hahitaji kitu kingine duniani isipokuwa mashine inayomsikia papo hapo.

Kaka alitangaza kwamba jina litapatikana Jumamosi saa nane mchana, kila mmoja kwa mbio moja dhidi ya magari ya kompyuta, mbele ya watu, kwenye meza namba moja. Ndiyo ilikuwa desturi ya ukumbi: jambo lolote la heshima lilifanyika meza namba moja, kwa sababu ilikuwa ya kwanza kununuliwa. Ilikuwa pia mashine dhaifu kuliko zote. Haikupata kadi mpya, na waya za meza nyingine zote zilipita kwake.

Mshindani alikuwa mmoja tu, shemeji wa kaka, ambaye watu walimwita Taratibu. Alikuwa mtu mwema. Kwenye gemu la mbio alisimama kwenye taa nyekundu za mapambo, na mara mbili alionekana ameegesha gari pembeni ya barabara ili aangalie milima.

"Mimi nakuja kujifurahisha tu, Fundi," alisema Jumatano, mabega yake yakiwa dirishani na magoti yake bado mlangoni. "Mbele yako mimi ni nani?"

"Usijali, shemeji. Tutakimbia tu."

Siku zilivyokwenda, juu na chini ya mstari zilizidi kuachana. Alhamisi, chini ya mstari palikuwa nusu saa nyuma. Ijumaa wateja waliokuja na viatu vya mvua walikuta miguu ya wateja wa asubuhi bado imekaa vitini, wakaomba radhi na kukaa juu yake. Hapakuwa na ugomvi. Ila pale kwenye meza ya kaka, iliyokuwa karibu na waya mkuu wa namba moja, ucheleweshaji ulikuwa mkubwa kuliko kwingine kote.

Jumamosi saa saba na nusu Fundi alimwendea kaka yake hapo mezani. Alivaa shati safi. Alikuwa na ombi moja, na alikuwa amelifanyia mazoezi tangu asubuhi.

"Kaka, kwa mbio hizi tusiwashe Subira. Au nipe dakika tano niiwekee kila mashine kikomo, isichore zaidi ya skrini inavyoweza. Mpasuko utapungua na mkono hautachelewa sana."

"Mdogo wangu, mgeni anakuja. Mtu wa kampuni ya skrini. Anapiga video. Unataka aone watu waliokatika vipande viwili?"

"Basi mbio zifanyike meza namba nne."

"Meza ya heshima ni namba moja. Wewe una wasiwasi wa nini? Mbio ndizo zitakazoamua. Mimi sina upande."

Uso wa kaka, uliokuwa juu ya mstari, ulikuwa wa Jumamosi, mpole na umenyolewa vizuri. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, chini ya mstari, na mikono hiyo ilikuwa ya Jumatatu. Fundi aliitazama. Ilikuwa imeegemeza fomu ya timu juu ya daftari na inaandika bila haraka. Iliandika jina kamili la Taratibu, lile la kwenye kitambulisho. Ikashuka hadi kwenye nafasi ya maelezo mengine, ikasita, ikaandika: Fundi hawezi kuachiwa, hapa hakuna mwingine anayejua mashine. Kisha ikapiga sahihi na kukunja fomu mara tatu.

Hasira ilimpanda Fundi mpaka masikio yakawa ya moto. Miaka sita alikuwa akiomba asifiwe walau mara moja, na sifa yenyewe ndiyo hiyo, imeandikwa chini ya meza ili imfungie mlango.

Alifungua kinywa. Wakati huohuo gari lilisimama nje, na kaka, ambaye tangu abandue ile karatasi alikuwa peke yake na nywila ya mipangilio, akageuka na kuwasha Subira kwa mashine zote.

Mstari ulikwisha. Kaka akawa mzima, kichwa na mikono ya siku moja, na mapajani hamkuwa na fomu. Viatu vya mwalimu wa hesabu vikalingana. Fundi alisema yote aliyotaka kusema, kwa sauti kubwa, akinyoosha kidole: kwamba ameona jina, ameona maelezo, na kwamba kama angekuwa dhalimu wa mbali angemwelewa, lakini huyu ni kaka wa tumbo moja. Midomo yake ilicheza. Sauti haikutoka, kwa sababu ilikuwa bado inasubiri kukamilika. Salamu za mgeni, vicheko na "karibu, karibu" vilipita upesi, maana ni vitu vyepesi na mashine yoyote inaviweza. Maneno ya Fundi yalikuwa mazito, nayo meza namba moja ilikosa zamu, ikakosa tena, ikaendelea kukosa.

Kaka alipogeuka kutoka kwa mgeni aliona midomo ya mdogo wake imefumba. Akamgusa bega.

"Vizuri," alisema. "Nenda kakae."

Mbio zilikuwa za mizunguko mitano, na Fundi alikaa kwanza. Kona ya kwanza Fundi alikanyaga breki pale anapokanyaga siku zote, na gari likaendelea mbele kana kwamba halijamsikia. Likapanda ukingo. Kona ya pili alijaribu kukanyaga mapema, lakini mikono iliyozoea jambo miaka sita haibadiliki kwa amri ya dakika moja, nayo ikasubiri hadi ndani ya kona kama ilivyojifunza. Kwenye kona ya tatu palikuwa na moshi na majukwaa yamejaa watu. Picha ikawa nzito na mashine ikasimama kupumua. Ilipoamka, gari la Fundi lilikuwa ukutani na picha ilikuwa safi kabisa, haina ufa hata mmoja. Mgeni alisema hajaona ajali iliyopendeza namna ile.

Taratibu alipochukua kiti alishindwa kumtazama Fundi usoni. Yeye kuchelewa kwa mashine hakukumdhuru kitu, kwa kuwa kila alichotaka kufanya alikiamua nusu kilomita kabla. Alipunguza mwendo kwenye kila kona, akayapisha magari yote ya kompyuta yaliyokuwa na haraka, nayo yakagongana mbele yake moja baada ya jingine. Alimaliza wa kwanza kwa mwendo wa mtu anayepeleka mayai sokoni. Watu walipiga makofi, na makofi yakasikika walipokuwa wameshashusha mikono.

"Mbio zimeamua," kaka alisema mbele ya kamera.

Muuguzi alimwona Fundi amekaa kwenye maboksi ya chumba cha nyuma, machozi yakiwa bado hayajafika. Yalifika jioni alipokuwa anafagia, yote kwa pamoja, akalazimika kuweka ufagio chini.

Taratibu aliondoka Jumatatu kwa basi la asubuhi. Alikuwa amefunga begi kubwa kuliko lake, la kuazima. Kabla ya kupanda alimshika Fundi mkono kwa muda mrefu, akamwambia kwamba akifika atawaeleza watu wa timu ukweli, kuwa kuna mtu anayemzidi. Huenda aliwaeleza kweli. Wiki ya kwanza alituma picha ya dirisha la chumba chake, lililotazama mlima.

Siku moja baada ya basi lile kuondoka, Jumanne saa tano asubuhi, maneno ya Fundi yalifika. Alikuwa juu ya kiti akipangusa feni na hakufungua kinywa. Sauti yake yenyewe ilitokea karibu na meza ya kaka, pale alipokuwa amesimama Jumamosi, ikiwa na hasira yote na pumzi zote, haikupungua hata neno. Wateja walipunguza sauti za gemu zao ili wasikie vizuri. Mwalimu wa hesabu alitikisa kichwa kwenye sehemu ya kaka wa tumbo moja. Kaka aliacha kutafuna karanga akasikiliza hadi mwisho, kwa adabu, na ilipokwisha alionekana ameumia kweli.

"Sasa, mdogo wangu," alisema, "jambo zito kama hili, mbona hukusema mapema? Fomu imeshakwenda. Mtu ameshaondoka. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Basi zima Subira," Fundi alisema, na hilo, kwa kuwa lilikuwa fupi, lilipita baada ya dakika chache.

"Nizime, watu wapasuke tena? Wateja wamefurahi. Kila mtu ni mzima. Angalia mwenyewe."

Fundi aliangalia. Wote walikuwa wazima, miguu kwenye viatu, viatu chini ya meza. Muuguzi alikuwa anakata kona ya kushoto, na picha ilikata yote kwa pamoja, baada ya mkono wake.

Kisha Fundi alimjibu kaka yake lile swali. Alimjibu palepale, juu ya kiti, kitambaa mkononi: kwamba alisema mapema, alisema siku ileile, saa ileile, akiwa amesimama mbele yake.

Jibu hilo lilifika Alhamisi, kaka akiwa kwa kinyozi. Muuguzi alilisikia lote, akavua vifaa vya masikioni, akasema pole. Pole ni neno jepesi. Lilifika papo hapo.