Ikiwaka, Iende

Siku pikipiki ya Tluway ilipotolewa bandani, Nangwa nzima ilikuwa na kazi, na Nangwa nzima iliiacha. Aliyekuwa anapukuchua mahindi alikumbuka ghafla kwamba ana shida ya chumvi, na chumvi yenyewe iko kwa Hilaria tu. Aliyekuwa anapeleka ng'ombe majini aliona ng'ombe wanajua njia wenyewe. Kabla ukungu wa mlima haujaamua kupanda au kushuka, ua wa Hilaria ulikuwa umejaa kama kuna posa, na kila aliyeingia alisalimia, akatafuta pa kukaa, akaanza kutoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba.

Hilaria alipenda nyumba yenye watu. Siku nyingine angekuwa wa kwanza kucheka. Leo alikuwa amefungwa na neno lake mwenyewe.

Alilisema juzi, mbele ya shemeji yake Yohanes na mbele ya mama mkwe wake, Konsolata. Yohanes alikuwa amepata mnunuzi: Clement, mfanyabiashara wa mahindi wa Balangdalalu, aliyechoka kuzunguka vijijini kwa baiskeli. Nyumba ya mama ilikuwa inavuja, na chuma kilicholala na mbuzi kingeweza kugeuka mabati. Hilaria hakuweza kumkatalia mtu anayetaka mama yake asilowe. Akasema, "Sawa, shemeji. Fundi aje. Ikiwaka, iende. Lakini isipowaka siku hiyo, inarudi bandani, na mtu asiniulize tena mpaka mwenyewe arudi."

"Mwenyewe," alianza Yohanes. Akamtazama mama yake, akaishia hapo.

Mwenyewe alikuwa Tluway, mume wa Hilaria na baba wa binti yao Doris. Pikipiki ile aliipata wakati mashamba makubwa ya ngano yalipokuwa yanauza vyombo chakavu na kuwaaga wafanyakazi wake. Ajira ikaondoka, pikipiki ikabaki. Aliibebesha maharage, aliibebesha wagonjwa, na siku moja alimbeba bibi harusi mpaka mlangoni mwa kanisa, shela ikipepea nyuma kama moshi. Halafu akasikia habari za mawe ya thamani ya Mererani kama walivyosikia vijana wote, akasema anakwenda kuchimba kiangazi kimoja tu. Alipanda basi akaiacha pikipiki, maana kule, alisema, wangeiiba. Wakati anaondoka, wilaya yao ya Hanang ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha.

"Mwanangu aliaga akiwa Arusha," Konsolata alipenda kuwaambia wageni, "na sisi wametuhamishia Manyara tukiwa tumekaa hapa hapa. Sasa barua zake zitatupata wapi?" Watu walicheka. Hilaria naye alicheka, kisha akaenda kukoka moto ambao haukuwa umezimika.

Fundi alifika kutoka Katesh jua likiwa limepata nguvu kidogo. Aliitwa Nicodemo, kijana mpana wa mabega, na alikuja juu ya pikipiki ya Kichina, zile mpya zilizokuwa zimeanza kujaa mjini, zinazonguruma kama paka aliyeshiba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba," aliitikia Konsolata. "Wewe ndiye daktari?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Mbona hukuja na sindano?"

Nicodemo akacheka, akavua koti, akaizunguka pikipiki. Akafungua mafuta, akavuta choki, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Akapiga mpaka jasho likamtoka katika baridi ile ya mwezi wa sita.

"Kijana," alisema Konsolata kutoka kwenye kigoda chake, "unaiamsha au unaiua?"

"Naisalimia kwanza, bibi. Imekaa peke yake muda mrefu."

Hilaria, aliyekuwa anapita na sufuria ya makande, aliona lile neno limemgusa yeye. Akapita haraka.

Nicodemo alianza mwanzo, kama fundi anayejua kazi. Alifungua plagi. Ilikuwa nyeusi, imevaa koti la masizi. Akaisugua kwa msasa, akairudisha kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akamwambia Yohanes apige kiki. Cheche ya bluu ikaruka. Wanawake wakasema "Aaah!" kwa pamoja.

"Moto upo," alisema Nicodemo. Akaweka kidole gumba kwenye tundu la plagi, kiki ikapigwa tena, kidole kikasukumwa nje. "Na pumzi ipo. Mgonjwa wenu hajafa."

Hilaria alihesabu hilo kama pigo. Moto upo, pumzi ipo. Usiku uliopita alikuwa ameomba visiwepo.

Ndipo Nicodemo akafungua tangi.

Injini ile ilikuwa ya zile za zamani, zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Mfuniko ulipotoka, harufu ikapanda: kali, tamu kidogo, yenye uzito wa oili iliyolala. Watu wakageuza nyuso. Hilaria akasimama pale pale alipokuwa, mwiko mkononi. Ile haikuwa harufu ya mafuta. Ilikuwa kola ya koti la Tluway. Ilikuwa mikono yake akimega ugali baada ya kuisugua kwa majivu na sabuni, na bado harufu ikabaki. Nguo zake zote alikwisha kuzifua mara nyingi mno, na hakuna hata moja iliyokumbuka lolote. Na kumbe muda wote huo ilikuwa humu, imefungiwa kwa mfuniko, bandani, kwa mbuzi.

Nicodemo aliinamisha pikipiki ili ayamwage chini.

"Usimwage!"

Ua wote ukageuka.

"Yameoza haya, Mama Doris," alisema Nicodemo kwa upole. "Hayawezi kuwasha hata kibatari."

"Nimesema usimwage. Subiri."

Akaleta dumu dogo. Akalishika mwenyewe wakati yanamiminika, akaliziba kwa gunzi la mahindi, akalipeleka jikoni na kuliweka nyuma ya mtungi. Aliporudi, Justina wa nyumba ya jirani, ambaye mdomo wake haukujua Jumapili, alikuwa anamkonyeza mwenzake. Nicodemo peke yake ndiye hakukonyeza. Alitazama mlango wa jikoni, kisha akainama kufungua kabureta.

Kabureta ilikuwa imeziba. Alitoa uzi mmoja wa waya wa klachi, akautumia kuzibua kitundu kidogo kuliko jicho la sisimizi, akapuliza kwa mdomo, akapuliza kwa pampu ya baiskeli. Akachanganya petroli mpya na oili katika chupa ya soda. Akapiga kiki.

Pu!

Moshi mmoja, mdogo, ukatoka nyuma. Ua wote ukapiga makofi. Hilaria alijikuta mwiko umeanguka kwenye makande na mikono yake miwili iko hewani, haijui inatafuta nini.

Kisha kimya. Wakapiga kiki kwa zamu. Vijana wakaisukuma kwenye barabara ili waishtue, wakaenda nayo mpaka karibu na kanisa, wakarudi nayo wakiwa wao ndio wanaotoa moshi. Clement, mnunuzi, alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa na kofia yake magotini, anatazama jua. "Mimi nilitaka usafiri," alimwambia Yohanes, "sikutaka mazoezi."

Na mkutano ukikosa kazi, mdomo hupata. Justina akasema shemeji yake alimwona Tluway Arusha, ana jino la dhahabu. Mwingine akasema si Arusha, ni Tunduru, mawe yamehamia huko. Mwingine akasema amesikia ameoa Mnyaturu na amenenepa. "Tluway anenepe?" alisema Konsolata. "Basi huyo si wangu. Wangu hata akila ng'ombe mzima, ng'ombe ndiye anayenenepa." Hilaria aligawa makande, akasikiliza habari hizo kama mtu anayesikiliza bei za mbuzi wa mtu mwingine, akamwongezea Justina, maana Justina aliyeshiba alisema kidogo.

Jua lilipoanza kuegemea upande wa mbuga, Nicodemo aliingia jikoni kuomba maji ya kunawa. Hilaria akammiminia. Fundi alinawa taratibu, akiangalia mikono yake.

"Mama Doris, nimeshaona tatizo."

Hilaria akaendelea kumimina.

"Inavuta hewa lakini haitoi. Ekzosi imeziba ndani kwa masizi ya oili. Hizi za kuchanganya ndiyo kawaida yao. Dawa yake ni kuichoma kwenye makaa mpaka masizi yaungue, kisha kuigonga. Nikifanya hivyo itawaka, sina shaka." Akakausha mikono kwenye suruali. "Au nitoke hapo nje niseme imeshindikana. Shemeji yako hajui, mnunuzi hajui. Nikisema imekufa, imekufa. Mimi sitaulizwa na mtu."

Kutoka nje vilisikika vicheko. Moto ulilia kidogo chini ya sufuria. Hilaria alitazama lile dumu nyuma ya mtungi.

Alikuwa ameshinda. Neno moja tu, na chuma kile kingerudi bandani, kingekaa, na hakuna ambaye angemuuliza tena. Angekuwa na pikipiki, na harufu ndani ya dumu, na mlango wa banda wa kufungua anapotaka. Lakini ile pu! ya mchana ilikuwa imemwonyesha jambo ambalo hakulijua: alikuwa amesahau. Kila siku aliamini anaukumbuka mlio ule, kumbe aliyekuwa anaukumbuka ni mwanamke wa zamani, na yeye alikuwa anamsimulia tu. Kitu kikimtoka mtu masikioni, atakiziba kwa gunzi gani kisipotee?

Akainua sufuria, akaiweka pembeni. Akasogeza kuni, makaa yakawa wazi, mekundu.

"Leta hapa," alisema.

"Una hakika, mama?"

"Leta kabla sijawa na akili."

Moshi uliotoka jikoni kwa Hilaria jioni ile ulikuwa mweusi na mzito, kuku walikimbia. Ekzosi ilikaa kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu. Nicodemo akaitoa kwa koleo, akaiacha ipoe, akaigonga kwenye jiwe la kusagia la zamani, na ndani yake yakamwagika magamba meusi, mengi, kama maganda ya maharage yaliyoungua. Akaifunga mahali pake. Watu wakasimama bila kuambiwa.

Kiki ya kwanza, ikakohoa. Ya pili, ikakohoa na kujuta. Ya tatu, ikawaka.

Haikunguruma kama zile za Kichina. Ililia: mlio mwembamba, mkali, wenye ukwaruzo katikati, kama mtu anayeita jina moja bila kuvuta pumzi. Moshi wa bluu ukajaa uani. Konsolata akainuka kwenye kigoda bila fimbo, uso umeelekea barabarani, si kwenye pikipiki. "Tluway," alisema. Hakuwa anauliza.

Hilaria hakulia. Alisimama ndani ya ule moshi, mdomo wazi kidogo, kama anayekunywa.

Nicodemo akaiacha ilie muda mrefu, isafishe koo lake, alisema. Na mlio ukashuka mabondeni, ukafika hata mbugani kwa Wadatoga, na watu wana masikio. Yohanes na Clement walikuwa bado wanamalizana pembeni, Hilaria alipoona vichwa vinapanda njiani: wanawake wa bondeni, mzee mmoja na mjukuu wake, na mbele yao wote, shuka ikiruka, fimbo begani, Gidamis. Gidamis na Tluway walikuwa marafiki wa kuwekeana ng'ombe, na wa Tluway walikuwa bado wanachungwa kwa Gidamis. Alikuwa amekimbia kutoka mbugani na kibuyu cha maziwa mkononi, na hakikuwa kimemwagika.

"Yuko wapi?" alipiga kelele kabla hajafika. "Yuko wapi huyu mwizi? Ndama wake wamezaa, wajukuu wamezaa, na yeye anatembea tu! Shemeji, mtoe ndani, nimchape kwanza, nimsalimie baadaye!"

Justina, hata yeye, alitazama chini.

Hilaria akatoka mbele. Aliona jinsi uso wa rafiki yule ulivyokuwa unang'aa, akajua na wake ungekuwa hivyo hivyo kama angekuwa ameusikia mlio huo akiwa mbali.

"Hakuja, shemeji," alisema. "Tluway hakuja. Hii tunaiuza."

Gidamis alimtazama. Akatazama pikipiki. Pumzi yake ilikuwa bado inapanda na kushuka. Kisha akanyoosha mikono yote miwili na kumpa kile kibuyu.

"Basi kunyweni ninyi," alisema. "Sirudi nayo."

Clement akapanda. Yohanes akamshikia pikipiki, akamwelekeza gia, akaiachia. Wote waliosimama uani wakamsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya miti ya mikaratusi, na baada ya kona wakamsindikiza kwa masikio.

Kufika kwenye mteremko, mlio ukakatika.

"Imezimika!" alisema Yohanes.

"Hapana," alisema Hilaria. Tluway naye alikuwa na ubahili huo huo: juu ya mteremko alizima, akaiachia ishuke yenyewe kuokoa mafuta, akaiwasha tena kwa gia akikaribia daraja. Hakuna jioni aliyorudi bila kumweka mkewe katika kimya kile, mwiko mkononi, hajui kama ni mteremko au ni ajali.

Watu wakaanza kusema. Hilaria akainua mkono, nao wakanyamaza, ua mzima, hata watoto. Upepo ulitoka mlimani ukapita juu yao. Konsolata alikuwa ameshika mkono wa Gidamis.

Chini kule, mbali, karibu na daraja, ikawaka.

"Imewaka," alisema Nicodemo kwa sauti ndogo.

Ikaenda ikilia kuelekea Balangdalalu, nyembamba zaidi na zaidi, na Hilaria akaifuata mpaka pale ambapo haikuwezekana tena kujua kama anachosikia ni pikipiki au ni upepo. Kisha akawageukia watu wote wale, kibuyu kifuani, akawaambia waingie ndani, nje kuna baridi.