Mke Mwenza Aitwaye Ndutu

Kwenye ramani, kidole cha mama kilipita juu ya Manyara bila kusimama. Kikapita Tarangire, kikapanda ukingo wa Ngorongoro nilipokuwa nimebandika kinyota chekundu, kikashuka upande wa pili kama mtu anayepita mlangoni kwa jirani asiyesalimiana naye. Kilisimama mahali ambapo sikuwa nimeweka alama yoyote, kwenye kidoa cha buluu kisichozidi punje ya mchele.

"Hapa," alisema.

Baba alikuwa anakunywa chai upande wa pili wa meza. Aliweka kikombe chini.

"Ndutu kuna vumbi."

"Mimi nimezaliwa Same, Baba Naku. Vumbi ni ndugu yangu."

Baba akasema kuna upepo, na kifua cha mama hakipendi upepo. Mama akasema ana sweta. Baba akasema barabara ya huko inavunja mgongo. Mama akasema mgongo wake umebeba watoto wanne na ndoo za maji za nusu ya mtaa wa Moshono, hauwezi kuvunjwa na barabara. Baba akanitazama mimi kana kwamba nimemsaliti, akainuka, akatoka nje.

Ramani ile ilikuwa ya kazini kwangu. Kazi yangu ni kuwachagulia watu mahali pa kwenda kuona wanyama. Wananiandikia kutoka kwenye miji yenye baridi: huyu anataka simba, huyu anataka tembo na watoto wao, huyu hataki kuona gari jingine lolote. Nami nawapangia, huyu huku, yule kule, na ingawa najisifu, huwa sikosei. Lakini kinyozi hajinyoi. Baba yangu aliendesha magari ya watalii mpaka nywele zikawa nyeupe, mimi binti yake nikaingia kwenye biashara hiyo hiyo, na mama yetu alikuwa hajawahi kuona pundamilia zaidi ya wale wa dirishani mwa basi. Nilipoamua kuwapa wazazi wangu likizo, nilidhani kazi ngumu itakuwa kumpata dereva mzuri.

Na haraka ilikuwepo. Tangu macho yake yaliposhindwa kuona mbali na kampuni ikamwambia apumzike, baba alikuwa anakauka. Kila siku aliamka alfajiri kama zamani, akavaa kofia yake ya kaki, akaenda kusimama pale uani gari lilipokuwa linalala. Gari halikuwepo. Mfukoni bado alikuwa na kile kitambaa cha kufutia vioo, na akikaa kimya, vidole vyake vilikuwa vinakisugua taratibu. Maneno yalikuwa yamepungua mpaka yakabaki ya shikamoo na marahaba. Mama alikuwa ameniambia waziwazi kwamba mzee wetu anamalizika, na yeye amekaa anamwangalia tu kama mtu anayeangalia mshumaa. Nilimwambia basi achague yeye mahali, popote atakapo, na baba atafuata. Naye alichagua Ndutu.

Ndutu ana historia yake nyumbani kwetu.

Mama alipoolewa na kuletwa Arusha alikuwa msichana wa Kipare asiyejua chochote kuhusu kazi ya mumewe. Baba aliondoka Januari moja, wiki zikapita, na siku moja dereva mwenzake akapita nyumbani kuchukua spana. Mama akamuuliza, shemeji, mwenzako yuko wapi mbona kimya? Yule bwana, akiwa na haraka zake, akajibu: "Yuko Ndutu, shemeji. Ndutu wanazaa sasa hivi, hawezi kutoka mpaka waishe."

Alikuwa anawasema nyumbu. Kila mwaka nyumbu wanakwenda kuzalia kwenye nyasi fupi za Ndutu, na watalii wote wanataka kufika huko. Lakini nenda Upareni uhesabu wanawake ambao majina yao yanaanza na N. Kuna Nakiete, kuna Namsifu, mimi mwenyewe ni Nakundwa, Naku kwa kifupi. Mama alisikia Ndutu, akasikia kuzaa, akasikia hawezi kutoka. Alifunga mzigo wake, akapanda basi la Same, akafika kwao na kutangaza kwamba mumewe ana mke mwingine na mke huyo yuko kwenye uchungu.

Baba alimfuata akiwa bado na vumbi la porini masikioni. Wazee walikaa. Wakamuuliza baba kwa ukali, Ndutu ni binti wa nani? Baba akasema, wazee wangu, Ndutu ni ziwa. Inasemekana babu alicheka mpaka akaomba maji. Tangu hapo ikawa utani wa ukoo. Mama akifunga makande kwenye hotipoti la bluu alfajiri ya safari, alikuwa anamwambia baba, haya, kampelekee mke mwenza wangu, mwambie namsalimia.

Utani ulikuwa na mwiba ndani yake, na sisi watoto tuliujua. Mimi nilizaliwa Februari. Uchungu ulimshika mama kabla ya siku zake, akahangaika peke yake hospitali bila mama mzazi wala mume, na baba yuko Ndutu. Habari zilimfikia kwa redio za magari. Aliporudi na kunipakata, mama alimuuliza swali moja tu: uliposikia nimejifungua, ulifanya nini? Baba akajibu: niliendelea na kazi.

Mama hakuwahi kulisahau jibu hilo. Hakulisema kwa kelele. Lilitoka kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi, akikuna nazi, akinisuka nywele. "Nyumbu walizaa yupo," alikuwa anasema. "Mimi nilizaa hayupo. Na akaendelea na kazi."

Kwa hiyo baba alipoanza kuipinga Ndutu, na Ndutu peke yake, hata mimi nilianza kuingiwa na shaka. Manyara alikubali. Ruaha alikubali, siku mbili za barabara na mgongo wa mama ule ule. Tukitaja Ndutu, anatafuta sababu. Siku moja alisema ziwa limekauka. Nikampigia simu mtu aliyekuwa huko, akaniambia ziwa limejaa na flamingo wameanza kuja. Sikumwambia mama, lakini mama si mtu wa kungoja kuambiwa.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage.

"Baba yako anaficha kitu huko."

"Mama, ni ziwa."

"Najua ni ziwa. Lakini niambie wewe uliyesoma, ni mwanamume gani anaogopa ziwa?"

Nilimuuliza, je, tukienda tukamkuta mtu? Akapuliza makapi kwenye ungo, akafikiri. Akasema kama yupo, basi amekula makande yake miaka yote ile na hata asante hajawahi kumtumia, kwa hiyo watakuwa na mazungumzo. Alitabasamu, lakini mkono wake ulikuwa unatupa maharage mazima pamoja na mabovu. Nikaujua woga wake. Alikuwa anakwenda Ndutu kwa sababu ndipo mahali pekee palipoweza kumrudishia mumewe, na alikuwa tayari kwenda kumchukua hata kutoka mikononi mwa mtu.

Tuliondoka Februari, maana mama alitaka wakati wa kuzaa kwa nyumbu, si mwezi mwingine. Dereva wetu alikuwa Margwe, Mwiraqw wa Karatu, kijana mwenye adabu na mdomo mwepesi. Alimfungulia baba mlango wa mbele kwa heshima zote. Baba akasema dereva hakai kiti cha abiria, akaenda kukaa nyuma karibu na mama, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa amepakata hotipoti la bluu kama mtoto mchanga. Alikuwa amepika makande alfajiri, bila kuombwa na mtu.

Kule juu Ngorongoro ukungu ulitufunika, mama akajitanda khanga mbili. Tuliposhuka upande wa pili jua likafunguka na nchi ikawa tambarare mpaka mwisho wa macho, na nchi yote ilikuwa imejaa nyumbu. Margwe alisimamisha gari pembeni ya nyumbu jike aliyekuwa amelala ubavu, anahema. Tulimwona akisukuma, akipumzika, akisukuma. Ndama akaanguka kwenye nyasi, akatikisa masikio, akajaribu miguu, ikakataa, akajaribu tena.

"Pole, mwenzangu," mama alimwambia yule nyumbu, polepole, kwa sauti ya wodini. Halafu akauliza bila kugeuka, "Na mumewe yuko wapi huyu?"

Margwe akacheka. "Madume hawakai, mama. Hao wana safari zao."

Baba alitazama nje ya dirisha la upande wa pili. Kitambaa chake kilikuwa kimetoka mfukoni, anakisugua.

Tulikuwa tumeanza kuingia kwenye migunga, ziwa linang'aa kwa mbali, redio ya gari ilipokoroma. Madereva wa porini hawasemi simba hewani, kwa sababu hata mtalii wa jana anajua simba ni nini. Wanasema sharubu. Hilo nililijua toka utotoni, paka wetu alikuwa anaitwa hivyo. Sauti ya dereva mwingine ikasema kuna sharubu watatu wamelala kwa Mama Naku, ukitokea korongoni, anayetaka awahi.

Margwe akakata usukani.

"Wamelala kwa nani?" mama akauliza.

"Kwa Mama Naku, mama. Ni pale mbele kwenye mgunga ulioinama."

"Mama Naku ndiye nani?"

"Hata sisi hatujui. Tumekuta panaitwa hivyo." Akatutazama kwenye kioo, akaona tunasikiliza, akaendelea kwa raha. Alisema madereva wa zamani wanasimulia kwamba palikuwa na mwenzao mmoja alisimama pale na wageni wake, simba wako mbele yao kabisa, ndipo redio ikamwita: mkeo amejifungua salama, mtoto wa kike. Yule bwana akaweka kichwa kwenye usukani akalia. Akalia mpaka wageni wakawasahau simba, wakawa wanambembeleza yeye. Mama mmoja wa Kizungu akamfuta machozi kwa kofia yake.

"Na baadaye aliendelea na kazi?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba sana.

"Kazi ipi tena, mama? Hata kuendesha alishindwa. Wanasema gari lilirudishwa kambini na mzungu." Margwe akatikisa kichwa kwa kicheko. "Na kila mwaka akipita hapo lazima asimame, ale chakula chake hapo hapo. Wenzake wakimuuliza redioni uko wapi, anajibu niko kwa Mama Naku. Basi jina likabaki. Mwenyewe nadhani alishastaafu, au alishafariki."

Nilisikia nyasi zikisugua tumbo la gari. Shingo ya baba ilikuwa imejaa damu mpaka kwenye masikio, mzee mzima, kama kijana aliyekamatwa na barua ya mapenzi.

"Alikuwa mtoto wetu wa kwanza," aliliambia dirisha.

Margwe aliinua macho kwenye kioo. Gari lilipunguza mwendo lenyewe. Akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mzee," ingawa alikuwa ameshamwamkia asubuhi Moshono.

"Marahaba."

Mama alikuwa bado anatazama mbele. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya kifuniko cha hotipoti.

"Kwa nini hukuniambia, Baba Naku?"

Siku hizi baba hayupo tena duniani, na nikitaka kuikumbuka sauti yake, ninaikumbuka ya pale.

"Ulikuwa umelala hospitali peke yako," alisema. "Uliteseka peke yako. Ningeanzaje kukwambia kwamba aliyelia ni mimi?"

Mama alijifuta uso kwa ncha ya khanga, mara moja, kwa nguvu, kama anayefuta meza. Mimi niligeukia dirisha langu nikalia kwa nafasi. Nilikuwa ndiye yule mtoto wa kike, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilipokelewa hivyo.

Tukafika. Mgunga ulikuwa umeinama kweli, tawi moja karibu liguse chini. Simba watatu walikuwa wamelala kivulini, matumbo juu, hawana habari na mtu. Margwe akauliza kwa sauti ya chini kama asogee zaidi ili mama awaone vizuri.

"Waache walale, nao ni wageni," mama alisema. "Zima gari, mwanangu."

Akafungua hotipoti. Mvuke wa makande ukajaa garini, harufu ya nyumbani kabisa. Akapakua sahani ya kwanza, akaijaza, akageuka na kumtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Moshono.

"Karibuni kwangu," alisema.

Baba alivua kofia, akapokea sahani kwa mikono miwili.