Mteja Amekataa Kurudia

Hakukuwa na mtu mkali wa kubana kama yeye. Katika kitengo cha picha za matiti alichokiongoza kwa mwaka wa kumi na moja sasa, wenzake walimwita Mkuu akiwepo, na akigeuza mgongo tu wakamwita Mama Bana. Alijua. Wala hakuchukia, maana jina lenyewe alilitafuta kwa mdomo wake. Kila mpiga picha mpya aliyeletwa kwake alisomeshwa hivi: titi likishawekwa juu ya mashine, bamba la plastiki linashuka, linabana, linabana tena, mpaka titi litandazike na picha ya pembeni ioneshe msuli wa kifua, kuanzia kwapani mpaka usawa wa chuchu. Msuli usipoonekana, basi kuna nyama imebaki nyuma, nje ya picha, na iliyobaki nje hakuna daktari atakayeisoma hata avae miwani mitatu. "Huruma mpeni mlangoni, mkimsalimia," alikuwa akiwaambia. "Kwenye mashine, baneni."

Maneno mazuri hayo. Sasa mtazame mwenyewe asubuhi hii, saa mbili kasorobo, amejifungia kwenye chumba cha kusomea picha, taa hajawasha, koti hajavua, anafungua picha ileile kwa mara ya sita tangu juzi.

Ilikuwa picha ya mdogo wake, ya miezi kumi na minne iliyopita. Titi la kushoto, la pembeni. Msuli ulionekana kipande tu, kama ukucha, halafu ukakatika. Kwapa lote lilikuwa nje. Mkuu aliikuza, akaipunguza, akaongeza mwanga, akapunguza mwanga, kana kwamba akiibembeleza vya kutosha picha itatoa kilichokuwa hakimo. Haikutoa kitu. Hapo ndipo roho yake ilipokuwa ikiungua. Angeona doa angejua kwamba lilikuwepo. Angeona pasafi angejua kwamba halikuwepo. Pale hapakuwa na doa wala usafi, palikuwa na ukingo wa picha, na mtu hawezi kuuliza ukingo kitu.

Juzi mdogo wake alimpigia simu. Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, na hata sasa, na miaka yake arobaini na tatu na watoto wawili, mdogo wao darasa la pili, bado ni Kitinda. "Dada, nilikuwa naoga nikagusa kitu," alisema. "Huku juu, karibu na kwapa. Kama harage hivi. Si lile titi la kushoto lililokuwa linawasha?" Akacheka, maana Kitinda hucheka kwanza, mambo mengine baadaye. Mkuu alimwambia aje keshokutwa saa tatu, akakata simu, akageuka pale kwenye korido wenzake wasimwone uso. Ilibidi ajifanye anasoma tangazo ukutani.

Huyu mdogo wake, yeye ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Kitinda alikuwa na miaka sita na yeye kumi na saba, na baba alikuwa mtu wa safari. Kwa hiyo anapoitwa dada, mtu asiyejua atadhani ni dada wa kawaida.

Tuseme ukweli kuhusu siku ile, maana Mkuu mwenyewe ameshauzungusha kichwani siku mbili na kila akiuzungusha anautia sukari. Kwanza, hakutakiwa kumpiga picha. Kuna kanuni za kitengo zimebandikwa juu ya sinki, na moja inasema hupigi picha ndugu yako. Aliiandika yeye, kwa mkono wake. Lakini Kitinda aliogopa kuvua nguo mbele ya mgeni, akaomba, akadeka, na Mkuu akasema haya, mara moja tu, wenzangu wako kwenye chai. Pili, bamba liliposhuka Kitinda alilia. Si kulalamika, kulia hasa, machozi mpaka kidevuni. Na Mama Bana, mbanaji wa kina mama elfu na kitu, akalegeza. Akapiga hivyohivyo. Aliiona picha kwenye skrini, akaona msuli umekatika, akasema moyoni inatosha.

Angeishia hapo, lingekuwa kosa la mtu mwenye moyo. Lakini kuna la tatu, na ndilo lililomnyima usingizi. Daktari msomaji, yule wanayemwita Miwani, aliikataa picha. Aliandika: kwapa halikuingia, irudiwe. Jina la Kitinda likaingia kwenye orodha ya wanaoitwa tena, na orodha hiyo inapita mezani kwa Mkuu. Mwezi ule kitengo kilikuwa kinasemwa kwenye vikao kwamba kinarudisha watu wengi mno, kwamba wapiga picha wake hawajui kazi. Yeye mwenyewe alikuwa amewafokea vijana wake wiki nzima kwa ajili hiyo. Halafu afungue orodha aone picha yake yeye, Mama Bana, imerudishwa. Aliona aibu. Msimtafutie neno lingine.

Kompyuta haikubali jina litoke kwenye orodha bila sababu, na sababu ziko tatu tu za kuchagua: amerudiwa, hapatikani, amekataa. Amerudiwa isingewezekana, picha mpya haikuwepo. Hapatikani, mbona anaishi mtaa wa pili. Akabonyeza ya tatu. Mteja amekataa kurudia. Kitinda hakuulizwa chochote. Alikuwa nyumbani kwake anafua, hajui kwamba aliitwa wala kwamba alikataa.

Saa tatu kamili Kitinda akafika, na pochi yake kubwa na marashi yake. Mkuu alikuwa amepanga kumwambia palepale mlangoni, kabla ya Miwani hajafungua faili. Alikuwa amelipanga neno kwa neno usiku kucha. "Kitinda, kuna jambo," alianza.

"Dada, umekonda," Kitinda akamkata. "Hao watu wako hawakupi hata nafasi ya kula? Nikishatoka hapa tunakwenda kula, mimi nalipa, usinibishie." Akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi na kimelowa jasho, na Mkuu akaelewa kwamba mdogo wake anaogopa sana, anajikaza tu. Neno likarudi tumboni. Akajiambia atamwambia wakishakaa. Walipokaa kwenye chumba cha uchunguzi, Miwani alikuwa ameshaingia.

Miwani ni mtu mpole, anayeongea polepole utadhani kila neno analipima kwanza kwenye mizani. Alimpima Kitinda kwa vidole, akapita kwapani, akasimama mahali pamoja, akarudi palepale. Mkuu aliviangalia vile vidole. Miaka mingi amekaa na madaktari, anajua kidole kinachopita na kidole kinachosimama. Kidole hiki kilisimama mara tatu.

"Tutapiga picha leo, tutatazama kwa ultrasaundi, na nitachukua kinyama kidogo kipelekwe maabara," Miwani alisema, akikaa mbele ya kompyuta. "Sitaki kukutisha, na sitaki kukudanganya pia. Hiki kitu sikipendi." Akafungua faili. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Mama, mwaka jana nilikuita urudie picha ya upande huuhuu. Hapahapa. Imeandikwa kwamba ulikataa."

"Mimi?" Kitinda alisema.

"Ndiyo imeandikwa hivyo. Sikulaumu, wengi wanaogopa ile mashine. Ila ungekuja wakati ule, pengine tungekuwa tunaongea mengine."

Kitinda alikunja uso, akitafuta kumbukumbu ambayo haipo, kisha akamgeukia dada yake. Hakumgeukia kwa kumshuku. Alimgeukia kama alivyomgeukia maisha yote, kuuliza hivi lile jambo lilikuwaje. Na kwa kuwa Mkuu alikaa kimya, akajijibu mwenyewe.

"Basi labda nilisahau," alisema. "Mwaka jana nilikuwa na mambo mengi, mtoto aliumwa. Labda mlipiga simu nikasema sitaki. Mimi ni mjinga sana, daktari. Dada kila siku ananiambia."

Ee, hapo ndipo mtu anapojulikana. Mlango ulikuwa wazi mbele ya Mkuu, mpana, na aliyeufungua ni mwenye haki mwenyewe. Hakutakiwa hata kusema uongo. Alitakiwa akae tu, atikise kichwa kwa masikitiko, amshike bega. Kazi ingebaki, jina lingebaki, na Kitinda angeendelea kumwita dada kwa sauti ileile. Akawaza hata kwamba ni bora kwa mgonjwa, kwamba mtu anayekwenda kutibiwa anahitaji dada wa kumwegemea, na akimwambia ukweli leo atamnyang'anya dada siku hiyohiyo anayomhitaji. Aliiwaza hiyo kwa dhati kabisa. Akamtazama Kitinda, akaona ameinamisha kichwa na anajipigapiga paja kwa ngumi, taratibu, akijiadhibu kwa kosa ambalo hakulifanya. Hilo hakuliweza.

"Hakukataa," Mkuu alisema.

Miwani akageuka.

"Hakuulizwa. Hakuna aliyempigia simu. Picha nilipiga mimi, na nilijua ni mbovu. Ulipoirudisha, nikamtoa kwenye orodha mimi, nikaandika amekataa." Alitaka kuendelea, aeleze vikao na lawama za mwezi ule, akaona vyote ni upuuzi. "Ni mimi," alisema.

Miwani aliivua tena miwani, akaiweka mezani. "Hili lazima liandikwe," alisema. "Utaandika wewe au niandike mimi?"

"Nitaandika leo."

"Basi picha kwanza." Akasimama, na alipopita nyuma ya Kitinda akamgusa kiti, si bega, akatoka.

Wakabaki wawili. Mkuu alikuwa ameshasikia wanawake wakipokea habari mbaya katika chumba kile, wanaopiga kelele, wanaocheka, wanaouliza watapika nini usiku. Alijiandaa kwa matusi. Aliyataka hasa, angeyapokea kwa mikono miwili.

"Kitu chenyewe kilikuwepo siku ile?" Kitinda aliuliza.

"Sijui. Nimetazama mpaka macho yameniuma. Sehemu hiyo haimo kwenye picha. Hatutajua kamwe."

"Na kwa nini hukubana?"

"Ulikuwa unalia."

Kitinda alimtazama dada yake kwa mshangao, kama mtu aliyeambiwa mzaha asiouelewa. "Nililia," alisema. "Dada, mimi si nalia? Wewe ndiye unayenijua. Uliponisuka nilikuwa nalia, unanibana kichwa kwa magoti unaendelea. Nilipovunjika mkono, ulinilalia mzima mzima mganga wa zahanati akaunyoosha, nikalia mpaka sauti ikakauka, na hukuniachia. Dawa chungu uliniziba pua nikameza. Shule ya bweni nilikulilia getini, ukaondoka bila kugeuka. Miaka yote nalia, na wewe huniachii, na mimi nimekua mtu kwa sababu hiyo. Siku moja tu. Siku moja ndiyo ukaamua kunionea huruma."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira ingekuwa nafuu. Mkuu alilia yeye, hapohapo kwenye kiti, na Kitinda hakunyoosha mkono kumbembeleza. Alitazama dirishani mpaka kilio kikaisha.

Mlango ukagongwa. Aliyeingia ni mpiga picha mwenzao, mwanamke mrefu wa shingo ambaye kitengo kizima humwita Twiga, na naye huitika. "Mashine iko tayari," alisema, kisha akaona nyuso zao, akashusha sauti. "Mkuu, utapiga wewe au mimi?"

"Wewe," Kitinda akajibu kabla ya mwingine. Akasimama, akajifunga vizuri kifuani gauni la hospitali alilovalia kupimwa. Kamba ilimshinda, akaifunga mara ya pili. Mkuu aliinuka nusu kumsaidia, akakaa. "Dada yangu, nisikilize," Kitinda alimwambia Twiga. "Mimi ni mtu wa kulia sana. Nitalia, nitakwambia basi, pengine nitakutukana. Usiache. Unanisikia? Bana mpaka uone unachotakiwa kuona."

Twiga alimtazama mkubwa wake, akitafuta ruhusa au maelezo. Mkuu akaitikia kwa kichwa.

Walipoingia chumba cha mashine, yeye alibaki nje. Alikuwa na haki ya kukaa nyuma ya kioo na kuiona picha ikitokea. Hakuitumia. Alikwenda kwenye benchi la korido wanapongoja ndugu wa wagonjwa, mahali ambapo hakuwahi kukaa hata siku moja. Mwanamume mmoja aliyeshika pochi ya mkewe mapajani alijisogeza kumpisha. "Na wewe una mgonjwa humo?" aliuliza.

"Mdogo wangu," Mkuu alisema.

Ndani mashine ilianza kuunguruma. Akaisikia sauti ya Twiga, tulivu, ileile aliyomfundisha yeye, ikisema bado kidogo, vumilia, bado kidogo. Kisha Kitinda akalia. Alilia kama alivyosema atalia, kwa sauti, akasema basi, akasema tafadhali, akaita dada. Mwanamume wa pochi akaangalia chini. Mkuu alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, akabaki amekaa.