Filimbi Iliyochelewa

Ndugu yangu Khaemba hakuogopa kisu siku alipotahiriwa. Nasema hili mapema ili anayetaka kubisha abishe tumalizane. Nilikuwepo uani, nikaona kwa macho yangu. Tope walilompaka kichwani lilimtiririkia jichoni, akapepesa. Kwetu kupepesa ni kuogopa, lakini jicho likijisafisha, kosa la nani? Mjomba wetu Wepukhulu, ambaye kazi yake ilikuwa kupuliza filimbi kutangaza kwamba kijana amesimama imara, aliishika tu mkononi. Tangu siku hiyo, harusini au matangani, hakosekani wa kumwambia Khaemba, "Wewe nyamaza, filimbi yako bado haijalia." Naye hunyamaza. Mimi ndiye nisiyenyamaza.

Tunaishi Mbale. Mimi nauza chakula kule Industrial Division, yeye anachomelea vyuma jirani yangu. Ndiye aliyemtengenezea Nuriat wa mtaa wa Malukhu vizimba vya nyoka, na kwa kwenda na kurudi akajifunza kuwashika. Nuriat ni mama wa Kinubi anayefuga nyoka na kuwapeleka kwenye filamu. Majirani husema ana majini. Yeye huwajibu kwamba majini hawali panya.

Mwaka jana aliitwa Wanyange, karibu na Jinja, kwenye filamu ya mtu anayetafuta hazina porini, akamchukua Khaemba wa kumsaidia nami wa kupika. Chatu alitakiwa kumwangukia shujaa mabegani, shujaa aruke na kupiga mayowe. Mwigizaji nyota aliyetoka Kampala kuwa shujaa huyo, alipomwona chatu mwenyewe, alijifungia garini. Nuriat akasema Khaemba avishwe nguo za nyota huyo. Khaemba akakubali, kisha akafanya kosa ambalo Mbukusu yeyote kama sisi angelifanya: akapiga simu nyumbani kwetu, ng'ambo ya mpaka.

Walikuja, jamani! Walivuka mpaka na kuku wa kuchemsha kwenye masufuria, kama wanaokwenda sherehe. Kwao habari ilikuwa moja tu: Khaemba anasimama tena mbele ya watu. Mjomba Wepukhulu alikaa kitini, akapewa firigisi kama anavyostahili mzee, akaila polepole huku akilamba vidole.

"Kila mtu nawa mikono!" Nuriat akapaza sauti. "Nyoka hii hapana ona vizuri, yeye nafuata harufu. Akisikia kuku, nakuja kwa kuku!"

Tulinawa wote. Mjomba alijifuta kwenye koti. "Mimi si mtoto wa kuambiwa nawa," akasema.

Kamera zikawashwa. Nuriat, akiwa amejificha nyuma ya kichaka, akamteremsha chatu kutoka kwenye tawi hadi mabegani mwa Khaemba.

"Ruka!" akaita Racheal, mama mwongozaji wa filamu. "Piga kelele!"

Khaemba hakuruka. Aliinua kidevu, akakaza macho mbele, akasimama vilevile alivyosimama uani kwetu. Racheal akasimamisha kamera.

"Khaemba, bwana, nataka woga!"

"Madam, mjomba ananitazama."

"Na mimi nakutazama. Usiporuka safari hii, natafuta mtu mwingine."

Akiruka, ataimbwa kuwa mwoga hadi kaburini. Asiporuka, atarudi Mbale amefukuzwa. Kamera zikawashwa tena, na mjomba akasogea mbele, karibu kabisa, kuchungulia macho ya Khaemba kama alivyochungulia siku ile.

Chatu akanusa. Akageuza kichwa taratibu, akapita shavuni kwa Khaemba, ulimi ukamgusa ukope. Jicho halikutikisika! Kisha chatu akajinyoosha kwenda kwenye kile kidole cha firigisi.

Mayowe aliyopiga mjomba wangu sijapata kuyasikia tena. Aliangusha meza ya chai, akapoteza kiatu, na tulipomwona alikuwa juu ya lori la jenereta akimwita marehemu mama yake. Nuriat alimkusanya chatu wake mikononi, akimpa pole chatu. Khaemba alikuwa bado amesimama.

Racheal aliitazama picha mara ya kwanza, akaitazama tena, akaangua kicheko. "Iacheni hivyo," akasema. "Shujaa anasimama, mwenzake ndiye anayepiga mayowe. Na sauti hiyo siibadilishi."

Filamu ilipofika kwenye kibanda cha video cha Malukhu, ukoo ulijaa mabenchi yote. Mjomba alikaa mbele. Pale chatu alipogeuka na yale mayowe yakasikika, kibanda kizima kilivunjika mbavu. Kila mmoja wetu aliijua ile sauti. Mjomba akainuka. Nikajiweka tayari, kwa sababu kama angesema neno moja juu ya ndugu yangu, ningemkumbusha alivyopanda lori.

Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa ile filimbi, akaipuliza. Aliipuliza kwa nguvu, hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Mama zetu wakapiga vigelegele huku filamu ikiendelea bila mtazamaji. Nami nilipiga vyangu hadi koo likauma, maana nilikuwa nimeviweka miaka yote hiyo.

Nikamgeukia Khaemba. Machozi yalikuwa yanamtoka, na macho anayapepesa, anayapepesa, wala hayafichi. Atakayesema kitu juu ya hilo anitafute mimi, Dorothy, napatikana Industrial Division.