Kulungu Alisimama, Mbwa Akaja

Domitila Oyarzo hakuwa na viatu visivyovuja. Hakuwa na goti la kulia la kutegemea, wala kigoda cha kusimamishia kamera, na kamera yenyewe alikuwa ameiazima kwa mwalimu wa shule. Mume hakuwa naye tena; Belisario alizikwa kabla kondoo hawajakatwa manyoya. Meno mawili ya mbele pia hakuwa nayo. Farasi aliyang'oa kwa teke moja, na tangu siku hiyo mama wa watu hakuweza kupiga mluzi. Majirani walimcheka kwa hilo la mwisho. Yeye hakuliona kubwa, mpaka asubuhi ile ya Aprili.

Kampuni ya mbao ilikuwa imeomba kukata msitu wote wa miti iitwayo lenga juu ya bonde la Ceniza. Idara ya misitu ilisema msitu utaachwa ikiwa humo yumo huemul, kulungu wa milima ile, ambaye hakuna aliyemwona kwa miaka mingi. Domitila alikuwa amemwona.

"Neno tupu halitoshi, mama," walimwambia. "Leta video, na mahali penyewe paonekane. Ijumaa shauri linafungwa."

Kule hapandi mtu mlimani bila mbwa. Ni kama kutoka nyumbani bila suruali. Shemeji yake Arnoldo alipomwona akimfunga mbwa wake Tizón kwenye nguzo ya zizi, aliangua kicheko.

"Shemeji! Unakwenda vitani unaacha bunduki?"

"Huemul akitishwa hakimbii, Arnoldo. Anasimama kama gogo mpaka araruliwe. Nimfunge mbwa, au nikufunge wewe?"

"Nifunge mimi, ila uniachie karibu birika la yerba mate, chai yetu ya majani."

Alimfunga mbwa kwa ukanda wa ngozi, vilevile kama marehemu alivyokuwa akimfunga. Hapo ndipo alipokosea. Belisario alikuwa akifunga ukanda, kisha anapiga mluzi mfupi wa kumlaza, na mluzi ndio uliomshika mbwa. Ukanda ulikuwa heshima tu.

Domitila akapanda. Majani ya lenga yalikuwa mekundu kama makaa, na ukungu umelala juu yake. Akakuta shina lililochubuliwa na pembe, utomvu wake bado unatiririka. Akapiga magoti, goti likalia, akatambaa.

Huyo hapo! Dume, shingo imevimba kwa majira ya kutafuta jike, na jike lenyewe nyuma yake, umbali wa kutupa jiwe. Akaiegemeza kamera juu ya mwamba na kuiwasha. Lakini nyuma ya kulungu kulikuwa na ukungu mtupu. Kilele cha Jino, kinachojulikana na kila mtu wa mkoa, hakikuonekana. Bila Jino, yule ni kulungu wa popote.

Akangoja. Dume likainua pua. Upepo ukageuka kidogo, ukarudi. Akathubutu kupumua.

Ndipo mawe yakaporomoka mteremkoni, chini ya pale alipolala.

Tizón alikuwa anakuja mbio, kipande cha ukanda kikining'inia shingoni. Domitila akakunja midomo apige mluzi. Ukatoka upepo na mate.

"Tizón! Lala! Lala, mwanaharamu we!"

Mbwa hakujua maneno, alijua mluzi tu. Kulungu akageuka, akamwona, akasimama kama gogo. Na saa hiyohiyo ukungu ukapasuka, Jino likajitokeza jeupe kwa theluji mpya.

Domitila akaiacha kamera ikiendelea kunasa. Akajirusha mteremkoni, akaudaka ule ukanda, wakabiringishana yeye na mbwa, na meno ya Tizón yakazama mkononi mwake. Hakuachia. Kulungu wakapiga kwato, kisha wakaondoka taratibu, wakaingia kwenye wekundu wa majani.

Mchana jikoni, Arnoldo aliitazama video mara mbili, asicheke.

"Tuma ule mwanzo. Hayo ya mbwa yafute."

"Mwanzo una ukungu. Jino linaonekana mbwa akiwa anakuja."

"Mbwa wako, shemeji! Sheria unaijua: mbwa akimfukuza huemul, anaadhibiwa mwenye mbwa. Watakunyang'anya kibali cha malisho. Kondoo utawalisha wapi, humu jikoni?"

"Humu nafasi umeimaliza wewe."

Arnoldo akamkabidhi kikombe cha chai ile ya yerba mate. Domitila akafyonza kwa mrija mpaka kikakoroma, akamrudishia. Dirishani, msitu ulikuwa bado umesimama wote.

Akachukua kalamu kwa mkono usiofungwa kitambaa, akaandika: *Mbwa ni wangu, nilimfunga vibaya. Kulungu ni wa hapa.* Akatia sahihi.

"Basi la posta linapiga honi," Arnoldo alisema. "Bado unaweza kufikiri."

"Nimeshafikiri. Nishikie hiyo bahasha."

Akatumbukiza kadi ya kamera pamoja na barua, akailamba gundi, akaibana juu ya meza kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akatoka akichechemea hadi barabarani, akamkabidhi dereva mkononi, na basi likaondoka.